Mtu Mzima Hakalishwi

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Kama uko kwenye daladala, mwombe kondakta aongeze sauti. Akikataa, basi msogelee dereva, yeye huwa anasikiliza.

Leo nataka tuzungumze habari ya mtu aliyekaa. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, au kwenye mkeka, au barazani, mgongo ukutani na miguu ameinyoosha. Unamjua. Kila mtaa anaye. Asubuhi ukienda kazini yuko pale. Adhuhuri yuko pale. Jioni ukirudi yuko pale pale, ila jua limemfuata akasogea kivulini. Ana miaka 30, ana miaka 40, pengine ana 50. Anakupungia mkono, nawe unampungia, unapita.

Mtu huyo ana ulemavu wa akili. Na swali langu la leo ni dogo tu: kwa nini amekaa?

Kabla hatujalijibu, tuelewane kwanza kwenye neno. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Watu tunavichanganya kila siku. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata yeyote, hata mwenye shahada tatu, akatibiwa, akapata nafuu. Ulemavu wa akili huanza utotoni: mtu anachelewa kujifunza, kuhesabu kunamshinda, maelezo marefu yanampita, na katika mambo ya kila siku anahitaji mkono wa mwenzake. Wengine wamezaliwa na sindromu ya Down, ile ya kromosomu namba 21 kuwa tatu badala ya mbili. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wengine waliugua homa ya uti wa mgongo wakiwa wadogo, au malaria ikawapanda kichwani. Na wako wengi ambao chanzo hakijulikani kabisa. Yale majina mengine ya mitaani, zezeta na ndugu zake, nimelitaja hilo moja na sitalirudia.

Haya, turudi kwenye kiti cha plastiki.

Nina mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, ana miaka 41. Kwetu ni Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Alisoma kwenye kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi, akakaa huko mpaka akapata miaka 18 na ushei, mwalimu akatuambia sasa amekuwa mkubwa, mchukueni. Tukamchukua. Shuleni alikuwa anakwenda na kurudi kwa miguu. Alikuwa anamwagilia bustani. Alikuwa golikipa, tena mkali. Nyumbani tukamkalisha.

Lisikilize vizuri neno hilo. Sikusema alikaa. Nimesema tukamkalisha. Akishika ufagio, mama anasema, "Acha baba, utachoka." Akiinua ndoo, dada anaipokea. Akisogelea mlango wa nje, kuna sauti itatoka chumbani: "Unakwenda wapi wewe? Rudi ukae." Na yote hayo kwa mapenzi, wallahi. Hapakuwa na mtu aliyemchukia nyumba ile. Tulimpenda mpaka miguu ikamlegea.

Ikapita kama miaka 15. Suruali zikawa hazifungi. Baraza letu lina ngazi tatu. Akizipanda anahema kama aliyetoka kupanda milima ya Usambara. Ngazi tatu, msikilizaji! Choo akawa hapati siku tatu, siku nne. Usiku hapati usingizi, kwa sababu mchana kutwa amesinzia. Nasi tukawa tunaambiana, maskini, ndio ulemavu wake huo, tufanyeje.

Tulikuwa tunadanganyana. Mtu asiye na ulemavu wowote, mkalishe kitini miaka 15, mpelekee chai, mpelekee wali, mwambie asiguse kitu, halafu umpandishe ngazi tatu uone.

Wala si Tanga peke yake. Mwaka 2016 yalichapishwa mapitio ya tafiti 15 kuhusu watu wazima wenye ulemavu wa akili na mwendo wa miili yao, nyingi zikiwa za nchi zenye uwezo kuliko sisi. Waliofikisha kiwango cha mazoezi kinachoshauriwa walikuwa kama mtu 1 katika kila 10. Mmoja! Wengine tisa hawakukifikisha.

Utaniuliza, kiwango hicho ni kipi? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Usitishwe na hesabu: ni nusu saa, siku tano. Na mwendo wa wastani ni upi? Kipimo chake hakihitaji mashine. Ukiwa unatembea, uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba ubeti mzima wa taarabu, ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea, punguza. Na mwaka 2020 shirika hilo lilipotoa mwongozo mpya, kwa mara ya kwanza liliandika sehemu ya watu wenye ulemavu. Unajua waliwekewa dakika ngapi? Hizo hizo 150. Hawakupunguziwa hata moja.

Sasa hapa wengi tunakimbilia jibu jepesi. Tunasema, basi tuwashauri wafanye mazoezi. Ngoja nikupe kisa cha Glasgow, kule Uskoti. Watafiti waliwakusanya watu wazima 102 wenye ulemavu wa akili. Wakawapa kifaa cha kiunoni cha kuhesabu hatua, wakakaa nao, wakawashauri, wakawawekea malengo ya kutembea, wiki 12. Matokeo yakatoka mwaka 2015. Je, hatua ziliongezeka? Walipolinganishwa na wenzao waliokuwa bado wanasubiri zamu, hapakuwa na tofauti ya maana.

Mimi nakipenda kisa hiki kuliko hadithi nyingi za mafanikio, na ninakisoma hivi. Unamshauri nani atembee? Mtu ambaye ufunguo wa mlango hana, hela hana, saa ya kuamka anapangiwa, saa ya kula anapangiwa, na akisimama anaulizwa anakwenda wapi? Siku yake iko mikononi mwa watu wengine. Ushauri mpe, lakini hao wenye siku yake wasipobadilika, kile kifaa kitahesabu hatua za kutoka kitandani mpaka kwenye kiti.

Kwa hiyo dawa iko wapi? Kwetu sisi ilikuja kwa bahati, tena bahati mbaya. Mama alianza kusumbuliwa na goti. Vitumbua vya asubuhi vikawa havina wa kuvifuata. Watoto wako shule, dada yuko kazini, mimi nina kazi huku redioni. Aliyebaki ni nani? Yule aliyekaa.

Nataka nikusimulie tulivyofanya, taratibu, maana huenda nawe ukahitaji. Wiki mbili za kwanza tulikwenda pamoja, bega kwa bega, njia ile ile kila siku, wala hatukuibadilisha hata mvua ilipojaza madimbwi. Tukazipa alama majina: mwarobaini, msikiti, fundi baiskeli, mama vitumbua. Vituo vinne. Penye kuvuka barabara nilikuwa nasema maneno yale yale bila kuongeza wala kupunguza: "Tunasimama. Tunaangalia huku. Tunaangalia huku. Tunasikiliza." Ila Tanga yetu unaijua, baiskeli ni nyingi na hazina mlio. Kwa hiyo ikabidi tuongeze la mwisho: "Tunaangalia tena."

Wiki ya tatu nikawa natembea nyuma yake, hatua kumi. Wiki ya nne naishia kwa fundi baiskeli, namtazama kwa mbali. Hela ilikuwa kamili, haina chenji, kwenye kipochi alichokivaa shingoni. Mama vitumbua tulishaongea naye. Ungemsikia mdogo wangu mwenyewe akisema, "Hodi, nipe kumi," sauti ya golikipa. Wiki ya tano akaenda peke yake. Mimi niko mlangoni, roho mkononi.

Akarudi. Kumi kamili. Hapana, nisidanganye redioni, tisa. Kimoja alikila njiani, kama ambavyo ningekila mimi.

Kisha ikaja siku ya kuchelewa. Nusu saa, saa nzima, hayupo. Nyumba nzima tukatoka, huyu huku, huyu kule, mama na goti lake barazani anasoma kila dua anayoijua. Tukamkuta wapi? Kwa fundi baiskeli, amechuchumaa, ameshika gurudumu, fundi anakaza njiti, vitumbua vimepoa pembeni. Aliombwa ashike kidogo, akashika. Tulipofika nyumbani mama akasema neno ambalo najua linasemwa katika nyumba nyingi zinazonisikiliza sasa hivi: "Basi. Asitoke tena."

Hapo ndipo safari nyingi zinapokufa, msikilizaji. Ajali moja, hofu moja, na kiti cha plastiki kinarudi. Nikamwambia mama, mimi nimechelewa kurudi mara ngapi katika nyumba hii, na mlango haukufungwa? Akanyamaza. Hakukubali siku ile. Alikubali siku ya tatu, goti lilipomzidi na hamu ya vitumbua nayo ikamzidi.

Sasa tupige hesabu, ndogo tu. Kwenda ni dakika 12, kurudi ni 12. Asubuhi vitumbua, jioni maziwa. Hiyo ni kama dakika 48 kwa siku. Ukianza Jumatatu, Alhamisi asubuhi zile 150 zimeshapita. Hakuna aliyevaa raba, hakuna aliyepuliza filimbi. Ametumwa tu. Wazee wetu walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure, na huyu hata hakutembea bure, alirudi na kifungua kinywa.

Wewe kwako huenda hakuna mama vitumbua wa dakika 12. Sawa. Kuna uwanja wa kufagia. Kuna maji: mpe ndoo ya lita 10 mara mbili kuliko ya 20 mara moja. Kuna mashuka ya kufua na kukamua, na kukamua shuka zito ni mazoezi ya mikono kuliko unavyodhani. Kuna shamba la kupalilia, mbuzi wa kuhamisha kamba, toroli la kusukuma. Kuna harusi na ngoma, na nakuomba usimwache nyumbani siku ya ngoma, maana wengi wao wakisikia mdundo huwezi kuwakalisha tena.

Lakini hapa nisimamishe gari kidogo. Kumpa kazi si kumgeuza punda. Nimewaona, na wewe umewaona, watu wenye ulemavu wa akili wanaobebeshwa mizigo ya mtaa mzima kwa malipo ya kipande cha muhogo. Wanaowachotea maji majirani sita, na jioni wanachekwa. Huo ni wizi. Kazi ya nyumbani kwake ni sehemu yake ya nyumba, kama ya mtu mwingine yeyote. Kazi ya jirani ina ujira wake, tena mkononi mwake.

Na wako wanaoniuliza: mtoto wetu ni wa kike, tumtoe aende wapi? Swali hilo silichezei. Wanawake wenye ulemavu wa akili wanavamiwa, na wanaowavamia huwa wanategemea kwamba hawatasema, au wakisema hawataaminiwa. Hofu ya mama hapo ina macho. Ila mlango uliofungwa haujamlinda kila aliyefungiwa. Wapo walioumizwa na watu wa ndani humo humo. Atoke na mwenzake, binamu, jirani, kikundi cha akina mama. Afundishwe mwili wake ni wake, afundishwe kusema sitaki kwa sauti, ajue ni nani wa kumwambia. Na akisema, aaminiwe.

Kuna mambo ya afya usiyapuuze. Mwenye kifafa asiende kisimani wala baharini peke yake, na asiachwe karibu na moto. Mwenye sindromu ya Down, mpeleke kwanza apimwe moyo, maana wengi huzaliwa na tatizo la moyo. Shingo zao nazo huweza kuwa na viungo vilivyolegea, kwa hiyo sarakasi na kupiga mpira kwa kichwa usimruhusu mpaka daktari aseme. Ukimwona anaanza kuyumba anapotembea, mikono inakosa nguvu, au ghafla anajikojolea wakati hakuwa hivyo, usingoje kesho. Jingine: mapigo ya moyo ya mwenye Down hayapandi kufikia ya wenzake, ndiyo maana anachoka mapema. Ukimwita mvivu unamwonea. Na kama dawa anazotumia zinamnenepesha, mwambie daktari, usizikatishe kwa shauri lako.

Tulipompeleka mdogo wangu kupimwa, kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja, mhudumu alinitazama mimi akauliza, "Anaumwa nini?" Kabla sijafungua mdomo, mwenyewe akajibu: "Situmwi siku mbili, mvua." Mhudumu akacheka. Sisi hatukucheka, maana hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Nikupeleke mbali kidogo, kisha turudi. Familia ya John Kennedy, aliyekuwa Rais wa Marekani, ilikuwa na binti mwenye ulemavu wa akili, Rosemary. Mwaka 1941 alipasuliwa ubongo kwa operesheni iliyomharibu zaidi, akawekwa mbali na macho ya watu kwa miaka mingi. Fedha zote zile, jina lote lile, na walimficha. Dada yake, Eunice Kennedy Shriver, mwaka 1962 alifungua kambi ya michezo kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Aliifungua wapi? Uwanjani kwake, nyumbani, Maryland. Kutoka kwenye uwanja huo wa nyumba, mwaka 1968 ikafanyika michezo ya kwanza ya Olimpiki Maalumu mjini Chicago, na mwaka 2023 dunia ilikutana nayo Berlin. Mimi medali nazipenda. Lakini michezo ile inachukua siku chache, na wanaokwenda ni wachache. Siku nyingine zote za mwaka, mtu yuko uwanjani kwake, au yuko kwenye kiti.

Na hapa kwetu? Mwishoni mwa mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Zanzibar wana siku yao ya kitaifa, tarehe 1 Januari, vikundi vinajaa barabarani. Vikundi vya jogging siku hizi viko kata nyingi, fulana za rangi moja, nyimbo, maji ya chupa. Nakuuliza wewe mwenye kikundi: katika mistari ile, umewahi kumwona yule wa kwenye kiti cha plastiki? Umewahi kumgongea mlango?

Mimi nilijaribu. Nilimtafutia mdogo wangu fulana, nikampeleka alfajiri. Wakakimbia kama hatua mia, akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, akavua fulana, akanirudishia. "Mimi sikimbii," akasema. "Mimi ni wa vitumbua." Nikaudhika, nakiri. Fulana nilishailipia. Halafu nikajiuliza, mimi mwenyewe nani aliwahi kunilazimisha kukimbia nikakubali? Ana miaka 41. Ana haki ya kuchagua mwendo wake, na alishauchagua. Fulana naivaa mimi, inanibana.

Ngazi zile tatu sasa anazipanda akiongea. Usiku analala. Uzito umepungua kidogo, si sana. Vile vitumbua vina gharama yake. Na kuna moja sikulitegemea. Zamani watoto wa barabara yetu walikuwa wanamwita kwa jina kavu, kama mwenzao. Siku hizi akipita na kipochi chake shingoni, wanasimama: "Shikamoo mjomba." Anawaitikia marahaba, kwa madaha, bila kupunguza mwendo.

Muda umenitupa mkono, msikilizaji. Kabla hatujaachana nina ombi. Kesho asubuhi, huyo aliye nyumbani kwako, muulize anataka kazi gani. Muulize yeye, si mama yake. Halafu mpe hiyo kazi, uende naye wiki mbili, ukae nyuma hatua kumi. Wiki ijayo, siku hii na saa hii, tutasoma ujumbe wenu hapa. Tuandikie amechagua nini. Ukituandikia kwamba hawezi lolote, tutakujibu, ila kwanza tutakuuliza ni lini mara ya mwisho uliacha ajaribu.

Mimi naishia hapa. Usiku mwema.